MOSHI WA IJUMAA: SOMO KUHUSU SHERIA ZA KUCHOMA TAKA

Makala haya ni somo wala si hadithi, ingawa sina budi kuyaanza kwa kisa. Somo lenyewe nilifunzwa kwa aibu, nami nikaona si vyema nilimeze peke yangu.

Kila mmoja wetu analifahamu lile shimo lililo nyuma ya bweni la mwisho, karibu na mikaratusi. Wengine huliita jaa, wengine jalala, na wengine ati "kwa moshi". Tangu nilipojiunga na shule hii nikiwa Kidato cha Kwanza, desturi ilikuwa moja tu. Ijumaa jioni, baada ya usafi wa jumla, mapipa yote yalimwagwa humo, kiranja wa usafi akapiga kiberiti, kisha sote tukaenda zetu darasani kwa masomo ya jioni. Hakuna aliyeuliza swali. Si ndivyo tulivyoikuta?

Mwaka jana kiranja huyo alikuwa mimi. Ijumaa moja ya mwezi wa Julai, mnajua baridi ya Julai ilivyo, niliwasha moto kama kawaida. Jioni hiyo hapakuwa na upepo hata kidogo. Moshi ulikataa kupaa. Ulilala chini kama blanketi, ukaingia mabwenini kupitia madirishani. Mnamo saa tano usiku, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza anayelala kitanda cha chini yangu alianza kukohoa, kisha akaanza kutweta kama aliyekimbizwa. Ana pumu. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha. Matroni na mzee bawabu walimbeba hadi kwenye gari la shule, akakimbizwa hospitalini.

Alirudi Jumapili. Nilidhani atanilaumu, kumbe wapi! Alinisalimu kwa heshima, halafu akasema, "Dada, Ijumaa hii naomba nilale bweni lingine. Si mtachoma tena?" Maneno hayo yalinichoma kuliko matusi.

Jioni hiyo nilimwendea mzee bawabu langoni nikamuuliza, "Mzee, kwani hakuna sheria ya kukataza jambo hili?" Akacheka kidogo akanijibu, "Sheria ziko, binti yangu, tena nyingi. Lakini kiberiti ndicho kilicho karibu."

Basi nikaanza kuzitafuta hizo sheria. Nilisoma Katiba maktabani, nikawasumbua walimu wetu wa Kemia na Kilimo, na wakati wa likizo nikaenda kuuliza katika ofisi ya afya ya umma kule mjini. Haya yafuatayo ndiyo niliyoyapata.

1. TUANZE NA MANENO

Kwa kuwa hili ni jarida la Chama cha Kiswahili, hebu tuanze na msamiati.

Taka ni vitu visivyohitajika tena. Jaa au jalala ni mahali pa kutupia taka. Siku hizi watu wengi husema dampo. Masizi ni ile weusi inayoganda kwenye sufuria na dari za jikoni. Mboji ni mbolea itokanayo na majani na mabaki ya vyakula yaliyooza, nayo samadi ni mbolea itokanayo na kinyesi cha wanyama. Kero ni jambo linalowaudhi au kuwadhuru watu wengine. Sheria ndogo ni sheria zilizotungwa na mamlaka ya mahali kwa ajili ya mahali hapo.

Kuna neno moja ambalo wengi wetu hatulijui: biwi. Biwi ni rundo la takataka, hasa zile zilizokusanywa ili zichomwe. Kumbe desturi hii ni kongwe hata lugha yetu imeipa jina! Lakini tafakari: biwi la nyanya zetu lilikuwa na nini? Majani makavu, maganda ya maharagwe, magunzi na vumbi la ua. Biwi la leo lina karatasi za biskuti, chupa za soda, betri za tochi, kalamu zilizokwisha wino, viatu vya plastiki na nyaya. Jina ni lile lile, ila kitu chenyewe kimebadilika, na moshi umebadilika nacho.

2. NDANI YA MOSHI MNA NINI?

Mwalimu wetu wa Kemia alinieleza kwamba taka mbichi haziwaki, bali hufuka. Moto unaofuka hukosa hewa ya kutosha, na kwa hiyo hauunguzi vitu vikaisha. Hutoa masizi na gesi ya kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu, nayo hunyang'anya damu uwezo wa kubeba oksijeni.

Masizi yenyewe ni chembechembe. Zile za kuogopwa zaidi ni ndogo kuliko maikromita 2.5. Unywele mmoja wa kichwani ni mnene kuliko chembe hiyo mara 20 au zaidi. Kwa udogo wake, chembe hiyo haizuiliwi na vinyweleo vya pua wala na kohozi. Huenda moja kwa moja hadi mwisho wa mapafu, na nyingine hupenya zikaingia katika damu. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipunguza kiwango cha wastani wa mwaka linachokipendekeza, kutoka maikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya hewa. Shirika hilo hukadiria kwamba uchafuzi wa hewa, wa nje na wa ndani ya nyumba, huchangia vifo vipatavyo milioni 7 duniani kila mwaka.

La pili ni dioksini. Hizi ni kemikali zinazoundika pale panapochomwa kitu chenye klorini katika joto la kati, yaani nyuzi 200 hadi 450 hivi za Selsiasi. Klorini imo katika plastiki ya PVC, ambayo hutengenezewa mabomba, maganda ya nyaya za umeme na ngozi bandia. Tanuri la kisasa la kuchomea taka huhitaji joto la nyuzi 850 au zaidi, tena huwa na machujio ya kusafisha moshi. Shimo letu lina joto la kubahatisha tu: hapa panawaka, pale panafuka. Ndiyo maana Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2004, unautaja uchomaji wa taka mahali pa wazi miongoni mwa vyanzo vya dioksini.

Isitoshe, dioksini hazipotei moshi unapopotea. Huanguka nyasini pamoja na majivu. Kuku akadonoa, ng'ombe akala, nazo zikahifadhiwa katika mafuta ya mwili wake. Sisi tukala yai, tukanywa maziwa. Mnamo mwaka 2005, mayai ya kuku waliokuwa wakizurura karibu na jaa la Dandora jijini Nairobi yalipimwa, yakapatikana na dioksini kupita kiwango kilichokuwa kikiruhusiwa na Umoja wa Ulaya.

Nikiwa bado Dandora, mwaka 2007 Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira lilitoa ripoti kuhusu watoto 328 wa eneo hilo waliochunguzwa afya. Takriban nusu yao walikuwa na madini ya risasi katika damu kwa kiwango cha maikrogramu 10 au zaidi kwa kila desilita, kiwango kilichohesabiwa wakati huo kuwa cha hatari. Wengi walikuwa na maradhi ya kifua. Najua shimo letu si Dandora. Lakini mapafu ya mtoto wa Dandora na ya mtoto wa shule yetu yameumbwa sawa.

Swali: mbona moshi wa jioni ni mbaya zaidi? Kwa kawaida hewa ya chini huwa na joto kuliko ya juu, hivyo hupanda na kuubeba moshi. Jioni na alfajiri, hasa kwenye mabonde na wakati wa baridi, ardhi hupoa upesi. Hewa baridi hukaa chini, hewa yenye joto huifunika juu yake kama kifuniko cha chungu. Moshi hukosa pa kupitia. Sisi tulikuwa tukichagua saa hiyo hasa, ati kwa sababu mchana tuko darasani!

3. SHERIA INASEMAJE?

Sheria za nchi yetu ni kama ngazi. Tuipande pamoja.

Kidato cha juu kabisa ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Kifungu cha 69 kinaongeza kwamba kila mtu ana wajibu wa kushirikiana na serikali na watu wengine kuyalinda mazingira. Yaani haki na wajibu ni mapacha. Kifungu cha 70 kinamruhusu mtu aende mahakamani haki hiyo ikivunjwa, wala hahitaji kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe amepata hasara au kuumia.

Kidato cha pili ni sheria za Bunge. Zipo za tangu enzi za ukoloni. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, kifungu cha 192, inasema kwamba mtu anayeichafua hewa kwa hiari yake hata ikawa na madhara kwa afya ya watu wanaoishi au kufanya kazi jirani, au wapitao njiani, ana hatia. Tazama vizuri maneno hayo: jirani na mpita njia. Basi yule anayesema "shamba langu, moto wangu" hana hoja, maana moshi haujui mpaka wa shamba. Nayo Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, inakataza kero zinazodhuru afya, na inampa afisa wa afya, yule ambaye wananchi humwita bwana afya, uwezo wa kumwandikia mwenye kero ilani ya kuiondoa.

Kisha ikaja Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, ambayo ndiyo iliyoanzisha NEMA. Chini yake zilitungwa kanuni za taka mwaka 2006 na kanuni za ubora wa hewa mwaka 2014. Kanuni hizo za 2014 zilitaja uchomaji wa wazi kwa jina: zilikataza kuteketeza kwa njia hiyo taka za nyumbani, za hospitali, za viwandani, plastiki na magurudumu. Ziliacha mlango mdogo tu kwa moto wenye sababu maalumu, kama vile moto wa kuzuia moto wa msitu usisambae, au mazoezi ya wazima moto. Kuchoma mapipa ya bweni hakukuwamo katika mlango huo.

Wengi wetu tunakumbuka au tumesimuliwa marufuku ya mifuko ya plastiki iliyoanza tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu yake ilitangazwa kuwa faini ya shilingi milioni 2 hadi milioni 4, au kifungo cha mwaka 1 hadi 4. Watu wakadhani plastiki imekwisha. Haikwisha. Karatasi za mkate, za biskuti na za maziwa hazikuguswa na marufuku hiyo, nazo ndizo zilizojaa shimoni mwetu.

Hatimaye ikaja Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022. Hii ndiyo iliyonifungua macho, kwa sababu haianzi na kiberiti. Inaanza na pipa. Inamtaka kila mtu atenganishe taka pale pale zinapozalishwa: zinazooza upande mmoja na zisizooza upande mwingine. Inawataka pia wanaozisomba wachukue taka zilizokwisha kutenganishwa. Nitalirudia jambo hili hivi punde.

Kidato cha tatu ni kaunti, na hapa ndipo penye sheria za mahali. Zamani mabaraza ya miji na ya wilaya yalitunga sheria ndogo chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Nairobi, kwa mfano, ilikuwa na sheria ndogo za taka za mwaka 2007. Serikali za kaunti zilipoanza kazi mwaka 2013, jukumu hilo lilihamia kwao. Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa na kero za umma, pamoja na kuondoa taka na kusimamia majaa. Nairobi ilipitisha sheria yake ya taka mwaka 2015. Kaunti ziko 47, na kila moja ina uwezo wa kujitungia sheria yake. Kwa hiyo usikisie wala usitegemee ya kuambiwa. Nenda katika ofisi ya mazingira ya kaunti yako, uombe kuiona. Mimi nilikwenda, nikapokelewa vizuri, na hakuna aliyeniuliza "mtoto wa shule unataka nini hapa".

Niliporudi niliketi nikajiuliza: ni nani aliyevunja sheria Ijumaa ile? Nilitamani kusema ni shule. Nilitamani kusema ni desturi. Lakini sheria hizi, kuanzia Katiba hadi kanuni, zinapenda sana maneno mawili: "mtu yeyote" na "kila mtu". Aliyeshika kiberiti ni mimi.

4. SASA TUZIPELEKE WAPI?

Hapa ndipo watu wengi hukwama. Gari la taka la kaunti halifiki kwetu. Mtu akikwambia usichome, nawe huna pa kutupa, si atakuwa amekuachia mzigo? Hata kufukia tu si dawa. Mabaki ya chakula yakizikwa bila hewa huoza na kutoa gesi ya methani, ambayo huipasha dunia joto kuliko kaboni dioksidi.

Jumamosi moja, kwa ruhusa ya mwalimu wa zamu, mimi na wenzangu watatu tulitandaza turubai kuukuu karibu na shimo, tukavaa glavu za maabara, tukayamwaga mapipa yote na kuanza kuchambua. Wenzetu walitucheka, wakatuita chokoraa. Tulivumilia. Baada ya saa mbili tulikuwa na marundo manne. Rundo la majani, maganda ya viazi, mabua ya sukuma wiki na makombo lilifika kiunoni. Rundo la karatasi lilifika magotini. Plastiki zote ziliingia katika gunia moja. Betri, vigae vya glasi na makopo vilijaza debe.

Hapo ndipo nilipoielewa ile sheria ya 2022. Sisi tulikuwa tukiwasha moto juu ya vitu ambavyo zaidi ya nusu yake havikuhitaji moto, na unyevu wa vitu hivyo ndio uliofanya vingine vifuke usiku kucha. Anayetenganisha hubaki na kidogo sana cha kuchoma. Kumbe kukatazwa kiberiti ni nusu ya pili ya sheria. Nusu ya kwanza ni kutenganisha, nasi tulikuwa tumeiruka.

Tulimwandikia mwalimu mkuu barua, kwa Kiswahili, tukaeleza haya yote. Alituita, akatuuliza maswali mengi, kisha akasema, "Nawapa muhula mmoja. Nionyesheni." Tukafanya hivi:

(a) Mapipa mawili yaliwekwa kila bweni na kila darasa, moja la kijani kwa vitu vya kuoza, jingine la buluu kwa visivyooza.

(b) Makombo safi ya jikoni yalipelekwa kwa nguruwe wa shamba la shule.

(c) Majani na maganda yalifanywa mboji. Chini tuliweka matawi membamba ili hewa ipite, kisha majani makavu, maganda mabichi, samadi, majivu kidogo ya jikoni na udongo, tabaka juu ya tabaka. Tulichomeka fimbo ndefu katikati. Ukiichomoa ikiwa na joto, jua mboji inapikika. Rundo hugeuzwa kila baada ya wiki mbili au tatu, na kwa miezi mitatu hivi huwa tayari.

(d) Karatasi safi na chupa za plastiki zilihifadhiwa stoo hadi wanunuzi walipokuja kuzichukua.

(e) Betri na glasi ziliwekwa katika debe lenye kifuniko, mbali na watoto na mifugo.

Nisiwadanganye kwamba mambo yalinyooka. Mboji ya kwanza ilinuka hadi wapishi wakalalamika, kwa sababu tuliimwagia maji kupita kiasi na kusahau majani makavu. Kuna waliotia karatasi za biskuti katika pipa la kijani makusudi. Wiki mbili mfululizo tulichambua upya kwa mikono. Hata hivyo haba na haba hujaza kibaba. Kufikia mwisho wa muhula, sukuma wiki za shamba la shule zilikuwa zimekula mboji yetu, na ubishi ukapungua.

5. JAMBO TUNALOONA HAYA KULITAJA

Mficha uchi hazai, wahenga walisema. Hii ni shule ya wasichana, na mna taka moja ambayo haikuingia katika rundo lolote kati ya yale manne: sodo zilizotumika. Haziwezi kwenda kwa mboji, maana zina plastiki ndani. Haziuziki. Zikitupwa chooni huziba. Hatukuzichambua, tuliziacha katika mifuko yake, na tuliporudisha macho shimoni tukakuta ndizo zilizobaki.

Wengine walisema makala haya yaliache jambo hili. Mimi nimeona kwamba somo linalokwepa sehemu ngumu si somo. Tena sheria yenyewe haikuona haya. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilifanyiwa marekebisho. Watu wengi wanakumbuka nusu yake, kwamba serikali iwape wasichana wa shule za umma sodo bila malipo. Nusu ya pili imesahaulika: kwamba serikali iweke pia njia salama ya kuzitupa, isiyodhuru mazingira. Yaani aliyeandika sheria alijua kwamba kutoa sodo bila kutoa njia ya kuzitupa ni kumpa mtu chakula cha moto bila sahani.

Hali yetu ni hii. Matroni huzichoma Jumamosi mchana katika pipa la chuma, mbali na mabweni, upepo ukiwa unavuma kuelekea msituni. Ni nafuu kuliko Ijumaa usiku, lakini sitaiita halali. Moto wa wazi ni moto wa wazi. Tumeiandikia bodi ya shule tukiomba tanuri dogo la kuchomea lenye joto la kutosha na kibali cha NEMA, na tukanukuu sheria ya 2017 ndani ya barua. Jibu bado. Nawaomba mtakaobaki shuleni msiache kuuliza.

6. UKIUONA MOSHI KWA JIRANI

Je, ukiwa nyumbani wakati wa likizo ufanyeje? Usikimbilie kituo cha polisi. Anza na mwenyewe, kwa adabu. "Shangazi, moshi unaingia ndani na mtoto ana kifua" ni maneno yanayosikika kuliko "utafungwa". Wengi huchoma kwa kutojua, na wengi hawana pa kutupa. Ikishindikana, mwone chifu au bwana afya. Kisha kuna ofisi ya mazingira ya kaunti na ofisi ya NEMA ya kaunti yenu. Mwisho kabisa ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Andika tarehe, saa, kilichochomwa na nani aliyedhurika. Lalamiko lenye tarehe lina miguu.

TAMATI

Yule mdogo wetu wa kitanda cha chini amerudi kulala bwenini mwetu siku za Ijumaa. Bado anatembea na dawa yake ya kuvuta, kwa sababu pumu haiponi kwa barua. Lakini muhula uliopita hakupelekwa hospitalini hata mara moja.

Shimo la nyuma ya bweni limefukiwa nusu. Nakabidhi ukiranja wangu mwezi ujao. Pamoja na ufunguo wa stoo nitamwachia mrithi wangu makala haya, na kiberiti sitamwachia. Kwa hayo machache naweka kalamu chini.

ZOEZI

1. Eleza tofauti kati ya mboji na samadi, kisha tunga sentensi moja kwa kila neno.

2. Biwi la zamani na biwi la leo yanatofautiana vipi? Taja vitu vitatu vya kila moja.

3. "Shamba langu, moto wangu." Mjibu msemaji huyu kwa aya moja, ukitumia sheria mbili zilizotajwa.

4. Kwa nini moshi wa jioni ya baridi hukaa chini?

5. Nenda ukatazame pipa lililo karibu nawe sasa hivi. Ni nini ndani yake ambacho hakikustahili kuwamo? Kitoe.